Habu za mtumba za HiAce Tanga mjini: bolti sita hazithibitishi kitu

Kwa HiAce za umbo la zamani, habu za mtumba (kile chuma cha katikati ambacho rimu ya tairi hufungwa) zinazouzwa Tanga mjini tunazipa nyota nne kati ya tano. Kwa umbo lililotoka kuanzia 2004, nyota mbili, na hata hizo ni kwa sababu wauzaji wengi hapa hawamzuii mteja kupima. Duka hatulitaji. Mzigo wao unafanana, na maneno ya kaunta ni yaleyale: "Hii ya HiAce, bolti sita, inaingia hii."

Kuingia inaweza kuingia. HiAce ya 2004 kuendelea ina bolti sita kwenye duara la milimita 139.7, yaani duara linalopita katikati ya bolti zote. Nissan Caravan E25 nayo ina sita, duara lilelile. Rimu inakaa vizuri, halafu nati ndiyo inagoma, kwa sababu uzi wa Toyota ni M12 (bolti ya milimita 12) wa hatua 1.5, yaani milimita 1.5 kutoka jino hadi jino la uzi, na wa Nissan ni 1.25. Kwa hiyo nenda dukani na nati moja ya gari lako mfukoni, uizungushe kwa vidole kwenye bolti zote sita. Ikiteremka mpaka chini bila kulazimishwa, uzi ni wenyewe. Ikiganda mzunguko wa pili au wa tatu, ama habu si ya Toyota, ama bolti ilishavutwa na mashine ya upepo. Fundi atakayesema "kaza tu, itajitengenezea njia" anakuandalia bolti ya kukatikia kwenye mlima wa Amani na abiria ndani.

Duara lenyewe lisikusumbue. Kwenye bolti sita, weka rula ukingo wa nje wa bolti moja, soma kwenye ukingo wa ndani wa bolti inayoitazama: hapo una katikati kwa katikati, na unatakiwa upate 139.7. Bolti tano hazitazamani, kwa hiyo pima mbili zilizo jirani kwa namna hiyohiyo, uzidishe kwa 1.701. Ukisoma kama milimita 67.2, hiyo ni 114.3, duara la Noah, na kama gari lako ni HiAce ya 2004 kuendelea, muuzaji airudishe rafuni. Halafu kuna ile shingo ya katikati ambayo rimu huikalia. Tundu la rimu ya HiAce mpya ni milimita 106; shingo ikiwa nyembamba kuliko yako, rimu inabaki kushikiliwa na nati peke yake.

Kabla ya vipimo vyote hivyo, uliza namba ya chesisi ya gari ambako habu ilikong'olewa. RZH na KZH ni umbo la zamani, na LH kwa kawaida pia. KDH na TRH ni jipya. Herufi pekee hazitoshi, maana KDH201 inasukumwa na matairi ya nyuma tu wakati KDH206 inavuta manne, na habu ya mbele ya gari la kuvuta manne ina tundu lenye meno ya kupokea shafti. Gari lako likiwa na ABS (breki zisizoacha tairi kuganda), tazama pia sensa na plagi yake. Waya uliokatwa kwa kisu maana yake taa ya ABS haitazimika kwenye dashibodi.

Sasa kwa nini nyota mbili. Habu ya mbele ya HiAce mpya ya kuvuta nyuma ni kipande kimoja na beringi yake: imefungwa kiwandani, haipakwi grisi, haikazwi upya. Ikishashikwa na kutu kwenye chuma kinachoibeba, wakong'oaji huitoa kwa nyundo. Kila pigo linapita kwenye gololi na kuacha vishimo ambavyo jicho halivioni. Dukani inazunguka laini kabisa. Ukifika kilomita 80 kwa saa barabara ya Segera, inaanza kuvuma, na unalipa ufundi mara mbili. Tafuta alama za nyundo nyuma ya kitako, na ukiziona usibishane bei, iache. Ile ambayo tungenunua ni iliyouzwa ikiwa bado imefungwa kwenye chuma chake, na hata hiyo izungushe polepole ukiwa umeegemeza sikio. Kama pesa inaruhusu, hapa nunua mpya.

Umbo la zamani ni habari nyingine. Habu ni chuma, beringi mbili za mshazari zinatoka, kwa hiyo unanunua chuma na kuweka beringi mpya pamoja na sili mpya. Cha kukagua ni vikombe vya beringi, yaani pete za nje zinazokaa ndani ya habu. Kikombe chenye rangi ya buluu kilishaungua. Kikombe kinachozunguka kwa kidole kimekula nafasi yake, na habu hiyo imekufa, hata wakikwambia watachomelea. Rangi nyeusi mbichi nayo itiliwe shaka: magari mengi yametoka Japani ambako barabara za theluji humwagiwa chumvi, kisha spea zikarundikwa nje kwenye upepo wa bahari yetu. Kwangua kidogo mahali rimu inapokaa. Kutu yenye mashimo hairuhusu rimu kulala sawa.

Wakati wa kufunga habu hii ya umbo la zamani, kaza nati kubwa ya katikati huku unazungusha habu ili beringi zikae, ilegeze, kisha irudishe kwa nguvu ya mkono tu. Spliti pini, kile kipini kinachozuia nati isilegee, iwe mpya.

Ukiuziwa "habu ya nyuma", jua ni shafti nzima, maana bolti za tairi zimepigwa kwenye kichwa chake. Ilinganishe na yako: urefu, na idadi ya meno.

Nati za tairi zikazwe kwa mkingamo, gari likiwa limeshushwa chini, na zirudiwe baada ya kilomita 50 hadi 100. Safari moja ya Muheza, kwenda na kurudi, inatosha.