Audacity na kaseti ya harusi ya mama

Audacity, programu ya kompyuta ya kurekodi sauti, naipa nyota 5 na ntaeleza kwa nini. Mwaka jana nlipeleka kaseti ya harusi ya mama kwa jamaa mmoja wa studio aniwekee kwenye flashi, nikalipa, nafika nyumbani naskia vigelegele vyote vimepasuka krrr krrr, fidla ndo haiskiki kabisa. Alirekodi levo (nguvu ya sauti inayoingia) imepitiliza, na sauti ikishapasuka hivo hairudi tena. Bahati kaseti yenyewe ilikuwa nzima, nikaamua nifanye mwenyewe.

Audacity ni ya bure, imeanza kutoka 2000 na inakubali Windows, Mac na Linux. Mi nilichokipendea ni mita ya kurekodia, inacheza hata kabla hujaanza kurekodi. Sa nafanya hivi, naipeleka kaseti mbele mpaka pale penye kelele kuliko pote, yani mama anaingia ukumbini na wanawake wote wanapiga vigelegele, napacheza mara mbili tatu huku nashusha levo mpaka mita igote kama -6 dB (desibeli, kipimo cha nguvu ya sauti, 0 ndo mwisho), ikizidi sana -3. Ikigonga 0 kile kitaa chekundu cha mwisho kinawaka na kinabaki kimewaka, kwa hio hata ukienda jikoni ukirudi utajua. Mawimbi ya sauti kwenye skrini yakionekana madogo usiogope, ukimaliza unapandisha yote na efekti ya Amplify.

Kilichonisumbua siku mbili ni laptopu yangu, tundu la maiki lilikuwa na busti (kiongeza sauti) ya +20 dB imewashwa, mita inasoma -10 lakini ukivuta mawimbi karibu vichwa vimekatwa bapa kama meza, yani sauti imeshapasuka! Angalieni hilo kwanza jamani, iwekeni 0, au mtafute kile kiboksi cha USB chenye tundu za line (za kuingizia sauti ya redio ya kaseti, si ya maiki), na ndo bora zaidi maana tundu la maiki mara nyingi linachukua upande mmoja tu wa stereo.

Santuri nayo lazima ipite kwenye amplifaya yenye tundu la phono, sindano inatoa sauti ndogo sana na besi ilipunguzwa wakati wa kuichonga santuri, ukilazimisha na levo ya kompyuta utapata sauti nyembamba na mvumo.

Kaseti ya mama nimeirudia yote. Kuna mahali marehemu bibi anamwita kwa jina lake la utotoni, kwenye ile kopi ya studio palikuwa krrr tupu.