Lenzi yangu ya Malaysia na ile ya Japani

Muuza duka mmoja wa Kariakoo alinishikilia: "Bosi, chukua ya Japani, hizi za Malaysia utarudi kulia." Nikachukua ya Malaysia: Canon 50mm f/1.8 STM, mfano wa 2015. Bibi yake lenzi hii, toleo la pili la mwaka 1990, ninayo nyumbani, imeandikwa Japani ubavuni.

Nimezifunga zote kwenye kamera moja. Ile ya Japani sehemu inayokaza kwenye kamera ni plastiki, nayo imeshaanza kuchezacheza. Ya Malaysia pale ni chuma. Tundu la mwanga la Japani lina bapa tano za kulifunga, kwa hiyo ukiliminya mpaka f/2.8 (namba ikikua, tundu linapungua) taa za ukumbini nyuma ya bibi harusi zinatoka na kona tano, kama karanga zilizokatwa vibaya. Ya Malaysia ina bapa saba, taa zinabaki karibu duara. Kusogelea pete ya harusi, lenzi ya zamani inagoma chini ya sentimita 45. Hii mpya inafika 35. Na mota ya kutafuta fokasi! Ya Japani inakoroma hadi shehe anageuka.

Vioo vyenyewe? Mpangilio ni uleule, vipande sita, na kwenye f/4 sioni tofauti ya ukali. Kilichobadilika ni usanifu wa miaka 25, siyo nchi.

Lawama moja kwa ya Malaysia: pete ya kuzungusha fokasi kwa mkono ni nyembamba mno, vidole vyangu vinaikosa gizani.