Mod_rewrite ya Apache: tathmini baada ya miezi minane kwenye tovuti ya duka la nyavu, Kirumba

Duka ninalosimamia tovuti yake linauza nyavu, kamba, maboya na taa za kuvulia dagaa, na liko Kirumba, Mwanza, jirani na soko la samaki la Mwaloni. Wateja wetu wengi hawafiki dukani. Wako Ukerewe, Kome, Sengerema na visiwa vya Muleba, na huagiza kwa simu baada ya kuiona bidhaa kwenye tovuti. Kwa miaka kadhaa kila bidhaa ilikuwa na anwani ya namna hii: bidhaa.php?id=482&kat=7. Mteja wa Nansio alipopiga simu akitaka kuuona wavu tunaouzungumzia, nililazimika kumtajia alama ya kuuliza, alama ya sawasawa na tarakimu moja moja, na mara nyingi kabla sijamaliza alikuwa amekwishakosea tarakimu moja na kuangukia kwenye ukurasa wa ndoano. Hiyo ndiyo sababu iliyonifanya nianze kutumia mod_rewrite.

Mod_rewrite ni moduli, yaani kipande cha nyongeza, ya Apache, programu ya seva inayowapelekea wageni kurasa za tovuti; iliandikwa na Ralf S. Engelschall mwaka 1996 na kukabidhiwa kwa kundi la Apache mwaka uliofuata. Haiuzwi, na kampuni nyingi zinazokodisha nafasi za tovuti huwa zimekwisha kuiwasha. Huipokea anwani aliyoiandika mgeni, huilinganisha na kanuni ulizoziweka, kisha huipeleka kimyakimya kwenye faili halisi ndani ya seva, huku mgeni akiendelea kuiona anwani nzuri aliyoiandika. Kanuni yetu ya kwanza ilikuwa mstari mmoja katika .htaccess, faili la mipangilio linalokaa ndani ya folda ya tovuti:

RewriteRule ^nyavu/([a-z0-9-]+)$ bidhaa.php?jina=$1 [L]

Alama ya ^ huonyesha mwanzo wa anwani, mabano hudaka jina la bidhaa, na $1 hulitua jina hilo pale programu inapolihitaji. Tangu hapo wavu uleule unapatikana kwenye nyavu/wavu-wa-dagaa-milimita-8, maneno ambayo mvuvi yeyote anaweza kuyasikia kwenye simu na kuyaandika. Tumetenganisha maneno kwa vistari vya kawaida, wala si vistari vya chini, kama Google wanavyoshauri, na tumetumia herufi ndogo tupu. Kiswahili kinafaa sana kwa kazi hii, kwa kuwa hakina herufi zenye alama za juu, ambazo mara nyingi hugeuka msururu wa asilimia na tarakimu mtu anaponakili anwani. Kikwazo pekee tulichokutana nacho ni ritifaa ya "chambo kinachong'aa", nayo tuliiondoa, na hakuna mteja aliyepotea kwa ajili yake.

Kutunga anwani mpya kulichukua siku mbili. Kuzilinda za zamani kulichukua wiki tatu, na hapo ndipo moduli hii inapompima mtu. Anwani zetu za zamani zilikuwa zimesambaa katika makundi ya WhatsApp ya wavuvi na katika matokeo ya Google, na kuziua kungekuwa sawa na kuhama duka bila kuacha kibao mlangoni. Dawa yake ni jibu la 301, linaloiambia injini ya utafutaji na kivinjari kwamba ukurasa umehamia kwingine kwa kudumu. Lakini RewriteRule haioni chochote kilicho baada ya alama ya kuuliza, na anwani zetu za zamani zilibeba kila kitu huko. Ikabidi niongeze sharti la RewriteCond linalokagua QUERY_STRING, yaani sehemu hiyo iliyo baada ya alama ya kuuliza. Kisha nikahitaji jedwali la kuoanisha namba 482 na jina la wavu. Mod_rewrite inacho chombo cha kazi hiyo, RewriteMap, ila hakiruhusiwi ndani ya .htaccess, na sisi tunaokodisha nafasi kwenye seva ya pamoja hatuna faili jingine la mipangilio tunaloweza kuligusa. Hili kwangu ndilo kasoro yake kubwa. Hatimaye niliiachia PHP, lugha iliyotumika kuandika programu ya tovuti yetu, kazi ya kulitafuta jina katika hifadhidata na kutoa jibu la 301 yenyewe.

Sarufi yake pia haina huruma. Nilipoteza jioni nzima kwa sababu niliuanza mchoro wa anwani kwa mkwaju (/), ambao ndani ya .htaccess huwa umekwisha kuondolewa, kwa hiyo kanuni haikulingana na chochote na hapakuwa na ujumbe wowote wa kosa. Kanuni inayojirudia yenyewe huzungushwa hadi mara 10, kisha seva hujibu kosa la 500, yaani hitilafu ya ndani ya seva. Ninamshauri kila anayeanza ajaribu kwanza kwa 302, jibu la kuhama kwa muda tu, kwa maana vivinjari huikumbuka 301, na kosa ulilolirekebisha leo linaweza kuendelea kuonekana kesho kwenye simu ya mteja.

Nimewasikia mafundi wakiahidi kwamba anwani nzuri itaipandisha tovuti hadi juu ya matokeo. Google wenyewe wanasema maneno yaliyomo ndani ya anwani yana athari ndogo mno katika kupanga matokeo. Faida tuliyoipata iko kwingine: awali wavu mmoja ulionekana kwa kat=7 na pia kwa kat=9, yaani kurasa mbili za kitu kimoja, na sasa una anwani moja tu. Pia mtu mwenye bando dogo huona kiungo kinampeleka wapi kabla hajakibonyeza.

Mwenye tovuti ya WordPress hana haja ya kuandika kanuni hizi kwa mkono, kwani atachagua muundo wa viungo katika mipangilio na programu itaziandika yenyewe. Na mwenye Nginx, programu nyingine ya seva, atafute maelekezo ya Nginx, kwa kuwa haisomi .htaccess. Kwa wengine wote walio juu ya Apache, ninaipendekeza bila kusita. Marobota yetu ya nyavu yanayopandishwa botini kwenda Ukerewe sasa yanaandikwa anwani ya bidhaa kwa kalamu nene, na inaenea katika mstari mmoja.