Sierra EM7455: modemu ya 4G ya ndani kwa ThinkPad ya mtumba, kwenye Debian 12

ThinkPad X260 na T460 zimejaa kwenye maduka ya laptopu za mtumba mjini Nairobi, na nyingi zina nafasi ya modemu iliyobaki tupu. Kwa mtu wa Linux, kadi ya kuijaza ni Sierra Wireless EM7455. Ni LTE ya Cat 6, yaani megabiti 300 kwa sekunde kushusha na 50 kupandisha kwa hesabu ya kiwandani. Mnara wa mtaani kwako na msongamano wa jioni ndivyo vitakavyoamua unapata kiasi gani. Uzuri wake mkubwa ni kwamba huhangaiki na draiva. Kerneli inaiendesha kwa cdc_mbim, ambayo imo ndani tayari.

Kabla ya kutoa pesa, fungua kifuniko cha chini. Ukikuta waya mbili nyembamba, mwekundu na wa buluu, zimelala karibu na nafasi hiyo, antena zipo. Nyeusi na ya kijivu ni za WiFi, usiziguse. Laptopu iliyoagizwa bila modemu mara nyingi haina waya hizo, na kuzipitisha ni kufungua mashine hadi kwenye skrini. Hapo afadhali uache. Angalia pia kama nafasi haijakaliwa na SSD fupi ya 2242, maana wapo wauzaji wanaoongezea hifadhi hapo.

Lebo ya kadi isome vizuri. BIOS ya Lenovo ina orodha ya kadi inazokubali, na ukichomeka ngeni mashine inaweza kugoma kuwaka, ikileta ujumbe wa 1802. Tafuta yenye lebo ya Lenovo. Ndani ya Linux hujitambulisha kwa namba ya USB 1199:9079. DW5811e ya Dell ni kadi ileile, ila inajitambulisha kama 413c:81b6. Kuna na EM7430, inayofanana nayo kama pacha lakini iliundwa kwa soko la Asia: haina Band 20, yale masafa ya MHz 800 ambayo Safaricom wanayatumia kwa 4G. Ukiuziwa hiyo umepoteza.

Kuifunga si kazi kubwa. Ingia BIOS, Config, kisha Power, uzime betri ya ndani, ndipo ufungue. Kadi inaingia kwa mshazari, unailaza, unakaza skrubu. Mwekundu uende MAIN, wa buluu uende tundu la pili. Vichwa vya waya hizi, aina ya MHF4, ni vidogo kuliko punje ya mchele: kilenge sawasawa kwanza, kisha kibonyeze wima kwa ukucha mpaka ukisikie kikiingia. Ukikisukuma kikiwa upande, kinapinda, na kikichomolewa mara nyingi kinalegea.

Baada ya hapo, weka ModemManager, programu inayoendesha modemu (mmcli ndiyo amri yake), kisha uangalie kama kadi inaonekana:

sudo apt install modemmanager libqmi-utils
lsusb
mmcli -m any

Sasa tunafika mahali ambapo wengi hukata tamaa na kusema kadi ni mbovu. Inaonekana, laini inasomwa, lakini mtandao haushiki, na mmcli inaonyesha power state: low. Kadi si mbovu. Za Lenovo huwaka redio ikiwa imefungwa kwa sababu ya masharti ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, mpaka kompyuta itume amri ya kuifungua. Zamani ModemManager ilikuwa ikiituma yenyewe. Tangu toleo la 1.18.4 inamtaka mwenye mashine aidhinishe. Debian 12 ina 1.20, kwa hiyo lazima uandike:

sudo ln -sft /etc/ModemManager/fcc-unlock.d /usr/share/ModemManager/fcc-unlock.available.d/1199:9079
sudo systemctl restart ModemManager

Skripti hiyo inaita qmicli, iliyomo kwenye libqmi-utils. Ukiiruka pakiti hiyo, kufuli halifunguki hata ukirudia amri mara kumi. Ukifanya mara moja imetosha: kila kadi ikiwaka, kufuli linafunguliwa lenyewe.

Kwa Safaricom, muunganisho ni huu (apn ni jina la lango la data la kampuni ya simu):

sudo nmcli c add type gsm ifname '*' con-name saf apn safaricom user saf password data

Airtel ni apn internet, bila jina wala nywila. Nafasi ya laini ni ya micro-SIM, basi usiikate kuwa nano. Adapta za plastiki hukwama humo. Na usiweke laini yako ya M-PESA, kwa kuwa menyu yake haitatokea kwenye laptopu. Sajili laini ya data pekee. Orodha ya SMS zake utaiona kwa mmcli -m any --messaging-list-sms.

Udhaifu wake uko kwenye usingizi. Ukifunga kifuniko na kukifungua tena, wakati mwingine modemu hupotea hadi uwashe ModemManager upya. Kama unatumia TLP, programu ya kuokoa betri, weka USB_EXCLUDE_WWAN=1 ili isiinyime umeme, na tatizo hupungua sana.

Mwenye T480 au X280 atauziwa Fibocom L850-GL, na hiyo siishauri. Ni chipu ya Intel XMM7360 inayopita kwenye PCIe, na draiva yake ya kerneli, iosm, haitoshi peke yake kuiunganisha kwenye Debian 12; ile iliyoandikwa na wapenzi wa Linux, xmm7360-pci, unaijenga upya kila kerneli inapobadilika. Kwa mtu anayetegemea intaneti kufanya kazi, simu na hotspoti zitamsumbua kidogo kuliko kadi hiyo.