Kubadilisha plagi za betri za gari la rimoti: uzoefu wangu wa kutoka Tamiya kwenda XT60

Gari letu la rimoti lilianza kuzimika mwezi wa Januari, wakati kaskazi inavuma na joto la Mombasa halimwachi mtu hata usiku. Kila Jumapili jioni mimi na mpwa wangu hulipeleka uwanja wa Tononoka, na mara nyingine ufuoni Bamburi, maji yakishakupwa na mchanga ukashikana vizuri. Lilikuwa likienda dakika tatu au nne kwa nguvu zake zote, kisha likaanza kusitasita, likasimama. Nikichomoa betri na kuichomeka tena, lilikwenda dakika nyingine mbili. "Mjomba, limezimika tena," ndilo neno nililolisikia kila nilipogeuka.

Nilidhani betri imechoka, nikanunua nyingine ya aina ile ile, yaani ya volti 7.2 yenye seli sita za nikeli, na hali haikubadilika. Nikashuku mota. Kabla sijaagiza mota mpya, nililipeleka gari kwa mzee mmoja anayetengeneza redio karibu na Mwembe Tayari, kwa kuwa ana mita nzuri ya kupimia umeme na ana subira. Alilikimbiza gari magurudumu yakiwa juu, akayakandamiza kidogo kwa kiatu chake, kisha akaushika mkono wangu na kuuweka juu ya plagi. "Mwanangu, betri yako haina neno. Shika hapa." Ilikuwa ya moto kiasi cha kunifanya niondoe kidole. Tulipoitenganisha, plastiki yake nyeupe ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa upande mmoja, pini moja ilikuwa imerudi nyuma ndani ya tundu lake, na nyingine ilikuwa na kutu ya kijani, ile inayokula shaba kwa hewa ya chumvi tunayoishi nayo hapa pwani.

Plagi hiyo ndiyo inayoitwa Tamiya, kwa jina la kampuni ya Japani inayotengeneza magari na vifaru vya mfano. Imetumika kwa miaka mingi katika vyombo vya kuchezea vyenye betri, na wanaocheza kwa bunduki za vidonge vya plastiki katika nchi zinazoruhusu mchezo huo wanaifahamu kwa umbo lake dogo na kwa malalamiko kama yangu. Kwa mota ndogo haina tatizo. Tatizo huja mota inapovuta mkondo mkubwa kupitia vipande vyembamba vya bati vilivyokunjwa, ambavyo hulegea kadiri vinavyochomekwa na kuchomolewa. Plagi iliyolegea huwa na ukinzani, yaani huuzuia umeme usipite kwa urahisi, na joto linalozalishwa na ukinzani hufuata mraba wa mkondo: mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Joto hilo huilegeza plagi zaidi, na plagi iliyolegea zaidi huzidi kupata moto. Mzee aliweka ncha za mita pande mbili za plagi gari likiwa limekandamizwa, tukasoma volti 0.6. Katika betri ya volti 7.2, volti hizo 0.6 zilikuwa zikipotea pale pale, kabla hazijaifikia mota.

Niliamua kuhamia XT60. Hiyo ni plagi ya manjano iliyotengenezwa kwa nailoni ngumu, yenye pini mbili za mviringo za milimita 3.5 zilizopakwa dhahabu, na imekusudiwa kubeba ampea 30 mfululizo na kufikia 60 kwa muda mfupi. Nilifikiria pia plagi ya Deans, yenye umbo la herufi T, ambayo nayo hupitisha umeme vizuri, lakini ni ndogo, inateleza vidoleni, na kijana wa miaka kumi na mmoja hawezi kuichomoa bila kuvuta nyaya. Umbo la XT60 halikubali kuingizwa kinyume, na alama za chanya na hasi zimechongwa kwenye plastiki yenyewe.

Hapa sina budi kulalamika. Jozi za kwanza nilizonunua mjini zilikuwa za kuigiza. Nilipoigusisha pasi ya kulehemia, plastiki ililainika kama nta na pini ikaegemea upande. Zile za pili, zenye neno AMASS, jina la kampuni inayozitengeneza, lililochongwa ubavuni, zilistahimili joto bila kubadilika, na bei ya jozi zote nilizohitaji haikufikia robo ya bei ya ile betri niliyoinunua bila sababu.

Kazi yenyewe ilinichukua alasiri moja, na sehemu inayohitaji uangalifu mkubwa ni kukata. Waya za betri hazikatwi pamoja hata siku moja. Makali ya mkasi ni chuma, na yakiushika waya mwekundu na mweusi kwa pamoja, betri hupata shoti na cheche hutoka hapo hapo. Kwa betri ya lithiamu jambo hilo laweza kuwasha moto ndani ya nyumba. Nilikata waya mmoja, nikaulehemu na kuufunika kabisa, ndipo nikaugusa wa pili. Upande wa betri nilifunga plagi jike, ambayo shaba zake zimezama ndani ya plastiki, ili funguo au sarafu isije ikaziunganisha mkobani. Upande wa gari nilifunga dume.

Kuna jambo ambalo mzee alinionyesha na ambalo limeniokoa. Unapolehemu plagi moja, ichomeke kwa mwenzake, hata kama ni jozi ya akiba, kwa sababu pini za mwenzake huzishika zako zisiyumbe plastiki inapopata joto. Pasi iwe na nguvu ya kutosha, yangu ni ya wati 60, kwa maana pasi dhaifu hukaa muda mrefu juu ya pini na kulipitisha joto lote kwenye plastiki. Waya hulowezwa risasi ya kulehemia kwanza, kikombe cha pini nacho hujazwa nusu, kisha viwili hivyo huunganishwa kwa sekunde chache na kuachwa vipoe bila kutikiswa. Risasi iliyoshika vizuri hung'aa. Iliyotikiswa huwa na rangi ya majivu na chembechembe, na hiyo yafaa kuyeyushwa upya. Mrija wa mpira unaonywea kwa joto huvishwa waya kabla ya kulehemu. Waya mmoja niliusahau, ikanibidi niufungue na kuanza tena.

Baada ya hapo tulipima kwa namna ile ile tuliyopima mwanzo, mita ikasoma volti 0.03. Gari lilikwenda hadi betri ikaisha, na nilipoigusa plagi ilikuwa na uvuguvugu tu. Ile betri ya zamani, niliyokuwa nimeihukumu kuwa imekufa, inafanya kazi mpaka leo.

Nilibadilisha plagi ya chaja pia, kwa sababu kipande cha kuunganisha aina mbili za plagi huirudisha ile Tamiya mlangoni pamoja na joto lake. Lakini hatua hiyo imezaa hatari ambayo haikuwapo, nami naichukulia kwa uzito mkubwa. Tumepata betri ya lithiamu ya volti 7.4, na kwa kuwa vyote sasa vina plagi ya manjano, hakuna kinachomzuia mtoto kuichomeka kwenye chaja ya nikeli. Chaja ya nikeli haijui kusimama seli ya lithiamu inapofika volti 4.2, na seli iliyopitishwa hapo huvimba na yaweza kuwaka. Nimefunga tepu nyekundu kwenye betri ya lithiamu na kwenye chaja yake, na mpwa wangu ameahidi kutochaji chochote nikiwa sipo.

Kasoro ya XT60 ni ugumu wake ikiwa mpya. Wiki za mwanzo kijana alihitaji mikono yangu kuitenganisha, na nilimkataza kabisa kuvuta waya badala ya kushika plastiki. Vilevile dhahabu ya pini haiulindi ule mwisho uliolehemiwa, hivyo tukitoka ufuoni ninaupangusa kwa kitambaa kikavu na kuangalia kama mpira umeachia mahali. Miezi minne imepita, kusi imeshaingia, na Jumapili iliyopita nilipozifungua pini bado zilikuwa za manjano tupu, bila doa la kijani.