Miezi mitano na Linux Mint kwenye steshenari yangu

Nina steshenari ndogo Morogoro, hatua chache kutoka stendi ya Msamvu. Tunachapa barua, tunatoa kopi, tunaskani vyeti, tunajaza maombi ya mkopo wa wanafunzi msimu wake ukifika, tunapiga picha za pasipoti na tunatoa mitihani ya shule za jirani. Kompyuta ziko tatu, zote za mtumba. Sijasomea kompyuta. Ninachojua ni kwamba mashine ikigoma saa nne asubuhi, foleni inahamia duka la pili.

Kilichonitoa kwenye Windows ni tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipofunga masasisho ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 kwangu haiingii kwa njia halali, kwa sababu inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kuanzia kizazi cha 8. Zangu ni kizazi cha 4 na cha 5. Na hapo ndipo ninapokasirika kidogo. Ile ya kizazi cha 5 ina RAM ya GB 8 na SSD, inawaka kabla sijamaliza kufunga kanga, haina ubovu wowote. Imestaafishwa kwa barua tu. Microsoft wameweka njia ya kuongezewa masasisho ya usalama mpaka Oktoba 2026, kwa dola 30 au kwa kuunganisha mipangilio ya kompyuta na akaunti yao, lakini mwaka mmoja unapita upesi kuliko kodi ya fremu. Tena niseme ukweli: Windows zangu zilipigwa na fundi kwa elfu kumi na tano kila moja, na leseni aliitoa wapi sikuuliza. Wenzangu wenye steshenari mnanielewa.

Mdogo wangu aliyemaliza chuo ndiye aliyesema, "Dada, weka Mint." Linux Mint ni mfumo wa kuendesha kompyuta unaokaa mahali pa Windows; imejengwa juu ya Ubuntu, mfumo mwingine wa familia ya Linux, na ipo tangu 2006. Toleo nililoweka ni la 22, ambalo litapata masasisho mpaka 2029. Hakuna leseni ya kununua wala akaunti ya kufungua. Gharama yangu ilikuwa bando, maana faili la kupakua linakaribia GB 3, nikaliwekea bando la usiku nikaenda kulala. Asubuhi mdogo wangu akanilazimisha kulihakiki, yaani kuthibitisha kuwa ndilo faili halisi, kabla ya kulitumia. Niliona ananichelewesha, mpaka aliponieleza kuwa Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Mint yenyewe na kuwaelekeza watu kwenye faili lenye mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya mdukuzi kuingia kwenye kompyuta yako. Kuhakiki ni amri moja na kulinganisha mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Dakika mbili.

Nilichopenda mwanzoni ni kwamba unaiwasha kutoka kwenye flashi na kuitumia bila kugusa Windows iliyo ndani. Nilikaa nayo hivyo siku nzima ya Jumapili, nikijaribu printa, Wi-Fi, sauti na kamera. Baada ya hapo ndipo nikasakinisha. Mint inakuja kwa sura zaidi ya moja. Mashine yenye GB 8 nimeiwekea sura ya Cinnamon, ambayo mteja akikaa anaona kitufe cha menyu kona ya chini kushoto kama alivyozoea. Yenye GB 4 nimeiwekea Xfce, nyepesi zaidi, na imeacha kuganda.

Sasa nije kwenye flashi za wateja, maana hapo ndipo Mint ilipojilipa wiki ya kwanza. Kila mwenye steshenari anawajua wale virusi wa njia za mkato: mtu anachomeka flashi, mafaili yote yametoweka, kumebaki alama zenye kimshale. Alikuja mwalimu mmoja saa moja na nusu asubuhi, mtihani unaanza saa tatu, uso umemshuka. "Dada, kazi yangu yote imefutika." Nikachomeka kwenye Mint. Folda zake zote zile pale! Mtihani wa Maarifa ya Jamii, orodha ya wanafunzi, hata picha za mahafali. Virusi wale hawafuti kitu. Wanaweka alama ya kuficha ambayo Windows inaitii, wakati Linux kwa kawaida inaipuuza. Katikati ya folda kulikuwa na kifaili kimoja cha .vbs, ndicho kirusi chenyewe, kidogo kuliko hata barua, kimekaa kama kupe sikioni mwa mbuzi. Nikakifuta pamoja na vile vimshale. Programu za aina hiyo zimeandikwa kwa ajili ya Windows, kwa hiyo kwenye Mint hazikuwa na pa kushika. Mwalimu alitaka kunilipa elfu tano ya "matengenezo". Nilipokea ya kudurufu tu, ila tangu siku hiyo shule yao yote inakuja kwangu.

Kwenye kuchapa, mambo si mepesi hivyo. Mint inakuja na LibreOffice, programu za ofisi zinazoshika nafasi ya Word na Excel, ambayo inafungua na kuhifadhi .docx, mafaili ya Word. Lakini Calibri na Cambria ni fonti za Microsoft, hazimo ndani ya Mint. Badala yake kuna Carlito na Caladea, zilizotengenezwa ziwe na upana ule ule herufi kwa herufi ili mistari isihame. Times New Roman na Arial nazo zina mbadala wake, familia ya Liberation. Kwa barua ya maombi ya kazi hutaona tofauti. Kwa wasifu wenye majedwali ndani ya majedwali, visanduku vya maandishi na picha ya pasipoti iliyobandikwa kona, jiandae. Kosa kubwa nililofanya mwezi wa kwanza ni kumrudishia kijana wasifu wake kwa .docx. Alipoufungua ofisini kwa watu, jedwali la elimu lilikuwa limeangukia ukurasa wa tatu peke yake. Nilimwomba radhi na kumrudishia hela. Sasa sheria ya duka ni kwamba kazi iliyokamilika inatoka kama PDF, na mteja akitaka kuendelea kuihariri naifungua kwanza kwenye ile mashine ya Windows niliyobakiza.

Kitu ambacho sikukitegemea ni Kiswahili. LibreOffice ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili cha Tanzania. Unachagua lugha ya waraka, na ule uwanja wa mistari myekundu chini ya kila neno unapungua. Siyo kwamba umeisha. Kitenzi kikibeba viambishi vingi, kama "hatutakuwa tumewasilishana", kamusi inashtuka. Lakini "barua" na "mkuu wa shule" hazipigiwi mstari tena, na makosa ya kweli yanaonekana. Kazi hii ina historia hapa hapa nyumbani: mwaka 2004 mradi uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima yenye menyu za Kiswahili, na LibreOffice ilizaliwa kutoka OpenOffice mwaka 2010. Miaka yote hiyo mimi nachapa mitihani ya Kiswahili kwa programu inayoniambia nimekosea kila neno.

Printa: ile ya zamani nyeusi na nyeupe ilitambulika yenyewe. Ile mpya yenye skana, ambayo kampuni yake siitaji, ilichapa vizuri lakini skana ikagoma siku tatu, mpaka tukaweka kiendeshi kingine, ile programu ndogo inayoiunganisha skana na kompyuta. Kabla ya kuhama, jaribu kuskani, usijaribu kuchapa tu.

Yanayonibakiza na Windows mpaka leo ni mawili. La kwanza, mafaili ya Excel ya matokeo ambayo walimu wanaletewa, yenye vitufe vya makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili, vya kupanga wanafunzi nafasi. Kwenye Calc, ambayo ndiyo Excel ya LibreOffice, data inafunguka, ila vitufe vingine ukibonyeza havifanyi kitu. Sipotezi muda, naenda Windows. La pili ni kadi za michango ya harusi. Steshenari nyingi tumejenga kadi zetu kwenye Publisher, programu ya Microsoft ya kupanga kurasa, na mimi nina mamia ya violezo, maua ya kila rangi. LibreOffice Draw, ile ya kuchorea, inafungua .pub, mafaili ya Publisher, kwa kubahatisha: maandishi yanakuja, mapambo yanatawanyika kama wageni mvua ikinyesha. Nilikuwa nataka kuilaumu Linux kwa hilo, kumbe Microsoft wenyewe wametangaza kuwa Publisher inafika mwisho Oktoba 2026. Yaani hata aliyebaki kwenye Windows akalipia kila kitu, kadi zake zinahitaji pa kuhamia.

Wateja wengi hawajui kama nimehama. Wanaokaa wenyewe kwenye kivinjari kujaza maombi wanaiona Firefox, wanaingia, wanamaliza. Mmoja tu aliuliza, "Hii Windows gani mbona nzuri?" Kijana wangu wa kaunta alinung'unika wiki mbili kwa sababu ya Photoshop, halafu akaizoea GIMP, programu ya kuhariri picha, kwa picha za pasipoti. Kwa kadi zenye mbwembwe bado anainung'unikia.

Nikiipa alama kwa kazi za steshenari, naipa 4 kwa 5. Ile moja nimeikata kwa ajili ya skana na makro. Mwenye ofisi ambayo kila siku inarushiana .docx na watu kumi tofauti, sitamwambia ahame kesho. Mwenye duka la kuchapa, kuskani na intaneti, ajaribu kwa flashi Jumapili moja.

Mashine ya tatu bado ina Windows 10 na nimeiondoa kwenye intaneti. Kila jioni baada ya kufunga hesabu nafungua kadi tano, nazihifadhi kama PDF, halafu naanza kuzijenga upya kwenye Inkscape, programu ya kuchora inayofanya kazi kwenye Mint. Nimemaliza za send-off. Za kipaimara sijagusa.