Skrepa ya kubandua gundi ya vigae: kisu cha chuma gani?

Vigae vya zamani vikishang'oka, kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza: gundi imeng'ang'ania zege utadhani vimezaliwa pamoja. Hapo ndipo skrepa ya mpini mrefu hujulikana kama ni skrepa au ni bati. Wengi dukani huuliza kama kisu ni kigumu. Hilo ni nusu ya swali. Kutwa nzima kitagonga kokoto na vichwa vya misumari. Kikiwa kigumu mno kitameguka, kikiwa laini kitajikunja.

Namba moja kwangu ni springi ya gari. Pleti ya pikapu yenye unene wa milimita 6 au 7 ina kaboni (ndiyo hukipa chuma ugumu) kama asilimia 0.6, nyingi zina pia kromu kidogo, na iliundwa ipigwe na mashimo ya barabarani miaka nenda rudi. Ukienda kwa mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi, mwambie fundi aikate kwa grinda huku akiimwagia maji, aitoboe, aifunge kwenye mpini kwa bolti. Asichomelee karibu na makali. Na akiitia motoni mpaka ikawa nyekundu ili kuinyoosha, halafu akaiacha ipoe yenyewe, ugumu umekwisha. Lazima aichovye kwenye mafuta ingali nyekundu, kisha aipashe tena kwa moto mdogo.

Ya pili ni visu vya dukani vya chuma chenye kaboni nyingi, vile vyembamba vya kubadilisha. Vinakata vizuri kuliko springi, ila kwa gundi ya kapeti na rangi, si saruji. Ukivinoa kwa grinda, ukingo ukigeuka buluu, hapo pamelainika.

Msumeno mkuukuu wa mashine ya kukatia vyuma unavumilia joto sana, lakini ukipinda unakatika. Wa tatu, basi.

Tupa? Niliwahi kusaga moja nikajiona mjanja. Kokoto ya tatu ikaondoka na pembe nzima. Ina kaboni zaidi ya asilimia 1. Haina huruma wala unyumbufu.

Mkia unashikwa na chuma laini cha mageti, ambacho ndicho kimejaa madukani kikiwa kimepakwa rangi ya fedha. Kipitishe tupa ukingoni: ikila kama inakwangua muhogo, kirudishe. Kwenye springi tupa hula kwa kusitasita. Cheche za grinda nazo husema: chuma laini hutoa mistari mirefu yenye nyota chache, springi huchanua.

Springi kuukuu ikague nyufa kabla ya kulipa. Isugue kwa msasa, ipake mafuta ya taa, subiri kidogo, ifute ikauke, kisha ipake unga wa chaki. Penye ufa mafuta yatapanda na kuchora mstari mweusi.